Maswali ya Wasomaji: Kupanga Nyumba California

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mume wangu anasoma San Diego, jimbo la California, nami najiandaa kumfuata pamoja na watoto wetu wawili. Chumba anachokaa sasa hakiruhusu familia, kwa hiyo tunatafuta nyumba ya kupanga. Je, na huko mpangaji hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama hapa kwetu? Na maisha ya huko tutayazoea? Mama wa Wawili, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Dada yetu, kodi ya California hulipwa mwezi kwa mwezi, na kwa kawaida mpangaji hamlipi dalali. Siku ya kuingia utatakiwa kutoa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, yaani fedha ambazo mwenye nyumba huzishika kwa ajili ya uharibifu au kodi itakayobaki bila kulipwa. Tangu Julai 1, 2024, amana hiyo haipaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa wamiliki wadogo wenye nyumba chache, ambao wanaweza kudai ya miezi miwili.

Ugumu utakaokutana nao ni mwingine. Wenye nyumba wengi hutaka kuona kipato kinachofikia mara mbili na nusu au mara tatu ya kodi, na hutazama ripoti ya mikopo ya mwombaji, yaani kumbukumbu ya jinsi alivyolipa madeni yake Marekani, ambayo mgeni hana. Mumeo aandae barua ya chuo au ya ufadhili, taarifa za benki, na ikiwezekana mdhamini anayeishi Marekani. Mwenye nyumba haruhusiwi kumuuliza mpangaji hali yake ya uhamiaji, ingawa anaweza kuomba kitambulisho na uthibitisho wa fedha. Nawasihi pia msitume hata senti kwa nyumba ambayo mumeo hajaingia ndani yake kwa miguu yake, kwa maana matapeli hunakili picha za nyumba za watu, wakaweka kodi ya chini mno, kisha wakadai amana ya haraka kwa madai kwamba mwenye nyumba yuko safarini.

Mkataba usomwe wote kabla ya kutiwa saini. Sheria ya jimbo inataka mkataba uliojadiliwa kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea utolewe pia kwa lugha hiyo, lakini Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, kwa hiyo asiyemudu Kiingereza cha mikataba amtafute mtu wa kumsomea, akiwa na kalamu mkononi. Mtazame ni nani analipa maji, umeme na uzoaji wa taka. Mtazame friji vilevile, kwa sababu kwa muda mrefu fleti nyingi za kusini mwa jimbo hilo zilipangishwa bila friji, na sharti la mwenye nyumba kuweka jiko na friji linahusu mikataba iliyofungwa tangu Januari 1, 2026.

Siku mtakayokabidhiwa funguo, kabla hamjaingiza hata godoro, pigeni picha kila chumba: doa kwenye zulia, komeo la dirisha lililolegea, plagi za jiko, rangi iliyobanduka nyuma ya mlango wa bafu. Mtumieni mwenye nyumba picha hizo kwa barua pepe siku hiyohiyo. Mtakapohama, ana siku 21 za kurudisha amana au kuwapa orodha ya makato yote, na uchakavu wa kawaida haukatwi. Akizishika fedha kwa nia mbaya, mahakama ya madai madogo, ambako mtu hujitetea mwenyewe bila wakili, inaweza kumwamuru alipe hadi mara mbili ya amana juu ya kile anachodaiwa. Mahakama husikiliza ushahidi, na ushahidi wenu ni hizo picha.

Kuhusu maisha, California ina watu zaidi ya milioni 39, na mamilioni kati yao nyumbani huzungumza lugha isiyo Kiingereza. Katika San Diego, ningewashauri mtembelee mtaa wa City Heights, ambako Wasomali, Waethiopia, Wameksiko na Wavietinamu wanaishi mlango kwa mlango, na Kiswahili husikika katika familia zilizotoka Kongo. Treni ya mjini itawafikisha hadi mpakani mwa Meksiko, lakini msivuke kabla ya kuhakikisha kwamba viza zenu zinawaruhusu kurudi.

SWALI: Mhariri, ninaishi Fresno katika fleti ya zamani, mwaka wa tatu sasa. Mwenye nyumba amepandisha kodi kwa asilimia 15, tena huingia ndani bila hodi. Nifanye nini? Mpangaji, Fresno.

JIBU: Ndugu yetu, kwa fleti iliyo chini ya sheria ya jimbo iliyoanza Januari 2020, kodi haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 kwa zaidi ya asilimia 5 ukiongeza juu yake kiwango cha mfumuko wa bei, na jumla isivuke asilimia 10. Majengo yasiyotimiza miaka 15 hayahusiki, pamoja na nyumba nyingi za familia moja zisizomilikiwa na kampuni. Fleti yako ya zamani yaelekea inahusika, hivyo asilimia 15 ni kinyume cha sheria. Kuhusu kuingia, anapaswa kukupa notisi ya maandishi, kwa kawaida saa 24 kabla, na aje saa za kazi, isipokuwa pana dharura kama moto au bomba lililopasuka. Mwandikie barua ya heshima ukitaja mambo hayo mawili, ubaki na nakala, na uendelee kulipa kwa wakati kodi uliyokuwa ukilipa kabla ya nyongeza, kwa kuwa deni la kodi litampa sababu halali ya kukufukuza. Akikutishia kukuhamisha kwa sababu umelalamika, huko ni kulipiza kisasi, na sheria inamkataza kufanya hivyo. Nenda mapema kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe ukiwa na nakala ya barua, mkataba na risiti zako.