Fundi, Nizibe Luva?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Morogoro, natunza jengo hapa Edmonton, Kanada, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuonja baridi ya huku. Juzi, nje ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri, tuliwasha jenereta ya dharura saa nzima kwa majaribio. Tulipozima tukakuta kibomba cha maji kilichopita karibu na luva, yaani dirisha la mabapa linaloingiza hewa ya jenereta, kimeganda na kupasuka. Bosi ananiambia niipigilie luva plaiwudi mpaka Aprili. Nizibe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usizibe! Siku umeme ukikatika kweli, jenereta itakosa hewa, itachemka na kujizima, na lifti ina watu.

Nakuambia kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuziba. Mwaka wangu wa pili Winnipeg nilisokomeza sponji kwenye tundu la hewa la chumba cha boila, nikidhani nawaokoa wapangaji na baridi. Jioni mwali ulikuwa umegeuka wa njano, masizi yametanda kwenye kidirisha, na mwenzangu wa zamu ameshika kichwa. King'ora cha kaboni monoksidi ndicho kilichotutoa nje. Gesi ile haina harufu.

Sasa turudi kwako. Feni ya radieta inavuta hewa ya nje kwa nguvu, inaipitisha kwenye radieta, kisha joto lote linatupwa nje. Chumba kinabaki na upepo wa nyuzi 33 chini ya sifuri, na hita ya ukutani haiwezi kushindana nao. Ndiyo maana vyumba vya huku, mbali na dampa (mabapa yanayofungua na kufunga njia ya hewa) ya kuingiza na ya kutoa hewa, huwekwa ya tatu, inayorudisha sehemu ya hewa moto ndani ikachanganyike na ile baridi. Tafuta kwenye mfereji wa bati unaotoka kwenye radieta. Kama ipo, nahisi imekwama.

Piga tochi kwenye ukingo wa mabapa yake. Ukiona theluji laini kama unga wa sembe imejipanga pale, hapo ndipo pameganda. Upashe moto taratibu mkono unaoyageuza mabapa hayo, usiugonge, halafu mwite fundi wa vidhibiti akaurekebishe ufuate joto la chumba. Kama haipo kabisa, mwambie bosi iwekwe. Gharama yake naijua, lakini jenereta isiyoaminika ni chuma tu.

Kuna jambo linaloshangaza wageni: hewa ya baridi ni nzito. Mita moja ya ujazo kwenye nyuzi 20 ina takriban kilo 1.2, kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri inafika kilo 1.5. Kwa hiyo siku za baridi kali dampa ya kuingiza hewa haihitaji kufunguka yote.

Hita ya kulanti (maji ya kupozea injini) isizimwe hata usiku mmoja. Betri pia iwe na chaji muda wote, maana iliyoisha chaji huganda na kupasuka. Na kile kibomba, kabla hujakiziba ufa, kihamishie ukuta wa ndani.