Mama mwenye mawazo mfuate alipo, bango halitamleta

Dada uliyeuliza, nimekuelewa hivi: mna kikoba huko Mbagala, wenzenu wawili wamejifungua na wamebadilika, hawachangamki, hisa hawaleti. Mnataka kukodi chumba, mshauri nasaha awe anakuja mara moja kwa wiki, na unauliza kama hiyo inatosha au lazima apatikane daktari wa akili. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, niko Temeke hii hii, nakujibu kwa niliyoyaona.

Chumba achaneni nacho. Mtaani kwetu uliwahi kuja mradi mmoja (siutaji), wakapaka rangi chumba kando ya zahanati, wakaweka feni na bango kubwa: Huduma ya Afya ya Akili kwa Akina Mama. Sasa nani aingie mle mchana kweupe, foleni nzima ya kliniki ikimtazama? Jioni haifiki kabla mawifi hawajapata la kusema. Mradi ulipoisha, chumba kikawa stoo ya vyandarua.

Mama mzazi haendi popote kwa ajili ya kichwa chake, anakwenda kwa ajili ya mtoto. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10, ya 14, hizo hakosi hata awe hoi. Basi mimi humsubiri hapo hapo. Mtoto akishashushwa kwenye mzani, nasogea naye pembeni wakati anamvalisha, namshikia kadi. Siulizi habari za sonona (ile huzuni nzito isiyoondoka). Nauliza mtoto analalaje usiku, halafu: na wewe, akilala yeye, usingizi unakuja? Aliyechoka tu atacheka, atakwambia angelala hata amesimama. Mwenye shida hunyamaza kidogo, kisha anasema mtoto analala fofofo, yeye yuko macho anahesabu misumari ya bati. Huyo simwachi. Kulialia kwa siku za mwanzo ni kawaida na huisha kwenyewe, lakini kukivuka wiki mbili, au hata chakula hakipiti, fuatilia.

Lipo dodoso la Edinburgh la kupima sonona ya mama aliyejifungua, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Ni zuri, ila usimsomee mtu benchini kama karani wa sensa. Swali la mwisho linahusu kujidhuru; hilo liulize mkiwa wawili tu, na usiliruke kwa kuona haya. Kumuuliza hakumwingizii wazo ambalo hakuwa nalo.

Kuhusu daktari: Zimbabwe mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, aliowafundisha, wakikaa na watu wenye mawazo kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na bibi hao waliobaki na dalili za sonona ni kama 14 kwa mia, wenzao waliopata huduma ya kawaida ni 50. Benchi hilo limeshafika mpaka Zanzibar. Huko vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida kabisa walifundishwa, wakawatembelea majumbani kina mama wenye sonona. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa mia, wenzao waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa hivyo ni 53. Na waliingiaje kwenye nyumba za mama wakwe? Kwa kusema wamekuja kwa ajili ya afya ya mtoto. Nyumba gani itakataa hilo?

Kwa hiyo mtu anayefundishika anaweza. Shida yetu sisi ni mdomo. Mama hajamaliza sentensi tumeshamwambia avumilie, amshukuru Mungu, wenzake wanatafuta mtoto kwa waganga. Hayo yanamfunga kabisa. Kazi ni kumsikiliza, kisha achague mwenyewe tatizo moja la kuanza nalo.

Nilikuwa na mama mmoja (nimebadilisha mambo asijulikane). Nilimkuta anachambua mchele, nikavuta kigoda nikachambua naye. Mikono ikiwa na kazi na macho yapo kwenye ungo, mtu husema. Kodi inadaiwa, mume safari za malori, mama mkwe anamwita mvivu. Nilidhani atataja kodi. Akataja usingizi. Tukaongea na mama mkwe, tukamwambia mama anayenyonyesha naye anahitaji kulala, na hilo ni kweli, akakubali kumchukua mjukuu baada ya kunyonya alfajiri mpaka saa tatu. Kodi tuliigusa baadaye sana, ndipo kikoba chake kikaingia kwa mkopo mdogo. Sisemi alipona wiki hiyo. Ila alianza kuoga asubuhi, na mama mkwe akawa ndiye anayenikumbusha siku ya kwenda.

Yasiyo yenu ni haya: mama hajalala siku kadhaa na wala hasikii uchovu, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ana shetani, au anataja kujiua. Hapo hakuna kikao wala kusubiri tumalize dua. Hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na mtoto, na mtu wa kumsindikiza awepo. Dua iendelee njiani, sikatazi.

Kwenye kikoba chenu chagueni wawili watatu wenye siri. Katibu mnayempenda kwa sababu anajua habari za watu wote, huyo hapana. Nendeni zahanati mkamwombe muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto awe anakutana nao angalau mara moja kwa mwezi, maana hayo mnayosikia yanalemea. Hela mliyopanga ya kodi ya chumba iwe nauli yao na vocha. Mhudumu asiye na nauli atakwenda mwezi wa kwanza na wa pili, wa tatu atakwambia mvua.