Re: Vumbi la ujenzi jirani na skuli, wazazi tuanzie wapi?

Dada pole sana. Kama magorofa yanajengwa ukuta kwa ukuta na skuli na vumbi linaingia mpaka darasani basi anzeni kwa sheha, lakini msende mikono mitupu, pigeni picha madawati asubuhi kabla hayajafutwa, andikeni saa zinazopita gari za mchanga na kama zimefunikwa turubai au laa, na mwalimu aweke daftari la watoto wanaokohoa na wenye pumu. Halafu barua ya kamati ya skuli iende ZEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, miradi mikubwa kwa Sheria ya Mazingira ya 2015 inatakiwa ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira, ombeni muione wenye mradi wanasema vumbi watalizuia vipi, hapo ndo pa kuwabana.

Na mtu asikwambieni ati vumbi tu hilo! Mtoto kwa uzito wake anavuta hewa nyingi kuliko sie watu wazima na mapafu yake bado yanakua. Kule London mwaka 2020 uchunguzi wa kifo cha Ella Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 mwenye pumu, uliandika wazi kuwa hewa chafu ya magari ilichangia kumuua.

Madai yenu yawe mafupi: njia imwagiwe maji, jenereta likae mbali na madirisha, lori zisipite watoto wakiingia na kutoka. Barua ikipokelewa igongwe muhuri na kopi mbaki nayo.