Kurejesha makazi ya wanyama yaliyomezwa na mabwawa ya umeme: soma maji kabla ya kushika koleo

Ukianza kazi katika idara ya wanyamapori ya mojawapo ya makabila asilia ya bonde la juu la mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani (Kalispel, Kootenai, Coeur d'Alene, Spokane au Colville), utakabidhiwa ramani, buti na koleo. Koleo liache kwanza. Tafuta grafu inayoonyesha usawa wa maji ya bwawa linalohusika, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mingi iwezekanavyo. Miradi mingi ya upandaji ambayo leo ni nyasi kavu na vigingi vitupu iliharibika kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini, kwa sababu walioipanga hawakuwa wameisoma grafu hiyo.

Chukua Albeni Falls, bwawa lililokamilika mwaka 1955 kwenye mto Pend Oreille, jimbo la Idaho. Kabla yake theluji ya milimani iliyeyuka, maji yakapanda Mei na Juni, kisha yakashuka taratibu hadi mwisho wa majira ya joto na kuacha kingo zenye unyevu ambako matete, mierebi na mipopla iliota. Sasa ziwa Pend Oreille, lililo nyuma ya bwawa hilo, hushikiliwa juu majira yote ya joto, halafu hushushwa kwa ajili ya majira ya baridi, na tofauti kati ya juu na chini hufika kama mita 3.5. Kwa hiyo ule ukanda uliokuwa makazi huzama wakati mmea unataka kukua na huachwa wazi wakati mmea umelala. Tena mawimbi hupiga usawa uleule wiki baada ya wiki, udongo humegeka, na visiwa vya delta ya mto Clark Fork, unaoingia ziwani humo, vimekuwa vikiliwa hivyo kwa miongo. Ukipanda mierebi ndani ya ukanda huo bila kuinua ardhi au kukinga ukingo kwa mawe na magogo, umewapa mawimbi chakula.

Pesa za kazi hii hutoka wapi? Sheria ya mwaka 1980 kuhusu umeme wa kaskazini-magharibi ililitaka shirika la serikali linalouza umeme wa mabwawa hayo, Bonneville, lilinde na kufidia samaki na wanyamapori walioathirika. Baraza lenye wajumbe kutoka Idaho, Montana, Oregon na Washington huandaa programu, na makabila huleta miradi. Hasara ilipimwa kwa vizio vya makazi. Kizio ni ekari moja yenye ubora kamili kwa mnyama fulani. Ekari 200 zenye ubora wa 0.4 ni vizio 80, ukizifikisha 0.7 ni vizio 140, yaani umeongeza 60. Kwa Albeni Falls pekee hasara iliyoandikwa ni vizio 28,587, na wanyama waliotumika kupimia ni pamoja na bata wa mallard, bata bukini wa Kanada, tai wa kichwa cheupe, panya wa majini na kulungu wa mkia mweupe. Hasara hizo ni za ujenzi tu, yaani ardhi iliyofunikwa na maji. Hasara za uendeshaji, zile zinazotokana na jinsi bwawa linavyofunguliwa na kufungwa kila mwaka, ni hesabu nyingine, na kabila la Kootenai limefanya kazi kubwa kuzieleza kwa upande wa bwawa la Libby, jimbo la Montana. Usichanganye hesabu hizi mbili katika ripoti. Anayelipa akiona zimechanganywa ana sababu ya kukataa zote.

Kipimo hicho ukielewe kwa undani, maana ndicho kitakachokuambia upande nini. Mfano ni ndege mdogo wa manjano anayeitwa yellow warbler, ambaye huhitaji vichaka vya majani mapana vinavyofunika asilimia 60 hadi 80 ya eneo, vyenye kimo cha angalau mita 2, na viwe vya aina zinazopenda maji. Alama hizo tatu huzidishwa, hivyo moja ikiwa sifuri, eneo lote ni sifuri hata kama nyingine ni kamili. Mtu anayepanda vichaka vya nchi kavu kwenye ekari 50 anaweza kupata msitu mzuri wa kutazama na akapata kidogo sana kwenye hesabu. Ndege mwingine, black-capped chickadee, anataka miti iliyokufa ikiwa imesimama, yenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 25, angalau mitano kwa hekta. Kwa hiyo usiwaruhusu vijana wenye misumeno wasafishe miti iliyokauka kwa sababu tu inaonekana chafu. Vilevile, vipimo vya mwanzo vifanywe kabla ya trekta kuingia. Ukianza kazi halafu ukapima, ongezeko lako halina mwanzo wa kulilinganisha.

Kabla ya kuchimba popote, hata shimo la nguzo ya uzio, nenda ofisi ya kabila inayohifadhi urithi wa kihistoria. Kingo za mito hii ni mahali watu waliishi, wakavua, wakazika wazee wao kwa maelfu ya miaka. Bwawa la Grand Coulee, jimbo la Washington, lilipofunika maporomoko ya Kettle mwaka 1940, lilifunika pia makazi na makaburi. Yakionekana mabaki ya binadamu, zima mashine, funika taratibu, weka mlinzi, piga simu, na usipige picha. Jambo hili halina mjadala, na ratiba ya mkandarasi haihusiki.

Sasa maji yenyewe. Mashamba mengi yanayonunuliwa kwa ajili ya fidia yalikuwa tindiga lililokaushwa kwa mitaro na mabomba ya udongo yaliyofukiwa. Tafuta mabomba hayo majira ya kuchipua, wakati mistari iliyonyooka ya nyasi kavu huonekana kati ya eneo lenye majimaji. Yavunje na kuyaziba. Mtaro uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, na kizibo kiwe kirefu: mita 15 si nyingi. Kizibo cha mita 2 hutobolewa na panya wa majini, maji hupenya, na mwaka wa pili kimeondoka chote. Kiache kiwe juu kuliko ardhi ya pembeni, maana kitatitia.

Fukia mabomba membamba ya plastiki yenye matundu, mita 1.5 hadi 2 kwenda chini, sehemu kadhaa za eneo, upime maji ya ardhini kila wiki mbili kwa mwaka mzima. Unachotafuta ni kina cha maji mwezi Agosti na Septemba, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua mche utaishi au la.

Mpopla (Populus trichocarpa) ni mti wa kuuelewa kuliko yote hapa. Hutoa mbegu nyepesi zenye pamba mwanzoni mwa majira ya joto, na mbegu hizo hudumu wiki chache tu. Zinataka udongo mtupu, wenye unyevu, usio na nyasi, na baada ya kuota zinataka maji yashuke polepole, si zaidi ya sentimita 2.5 kwa siku, ili mzizi uyafuate. Mto ulikuwa ukifanya hivyo wenyewe miaka ya mafuriko mazuri. Bwawa linaloshusha maji kwa ghafla ili kukidhi mahitaji ya umeme huweza kuua miche mingi kwa wiki moja, na bwawa linalozuia mafuriko kabisa huiacha misitu ya mipopla mizee bila watoto. Ukiona msitu ambao miti yote ina umri mmoja na chini hakuna mche, hilo ndilo tatizo. Kupanda kutasaidia, lakini mazungumzo na waendeshaji wa bwawa kuhusu kasi ya kushusha maji baada ya kilele cha Juni yana thamani kuliko malori ya miche. Hudhuria vikao vyao ukiwa na takwimu za mabomba yako.

Fito za mierebi na mipopla zikatwe mti ukiwa umelala, Novemba hadi Machi. Kipenyo kiwe sentimita 1.5 hadi 4, urefu kadiri ya maji yalivyo chini: kama maji ya Septemba yako mita 1 chini, fito ya sentimita 60 haina maana. Theluthi mbili ya fito au zaidi iwe ardhini, na ncha iguse udongo wenye unyevu wa Septemba. Kata chini kimshazari na juu bapa, ili asiwepo wa kuipanda kichwa chini. Macho yaelekee juu. Loweka siku 5 hadi 10 kwenye maji, fito nzima ikiwezekana, kisha panda mara moja. Zikisubiri, ziwe kwenye magunia mabichi mahali pa baridi, nyuzi 1 hadi 4. Toboa kwa mtaimbo kwanza. Kupigilia fito kwa nyundo hupasua kichwa na kuvua gome. Halafu jaza udongo na ushindilie. Nafasi ya hewa kando ya fito ndiyo inayokausha mizizi, na ndiyo kosa la kawaida kuliko yote. Usichukue zaidi ya theluthi ya kichaka kimoja, na uchukue kutoka vichaka vingi, vya kiume na vya kike.

Adui mkuu ni nyasi ya Phalaris arundinacea. Hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, hufunika tindiga zima, na akiba ya mbegu zake hubaki udongoni. Fyeka mwanzoni mwa majira ya joto kabla mbegu hazijakomaa, iache ichipue, kisha piga dawa mwishoni mwa majira ya joto, wakati mmea unapeleka chakula kwenye mashina ya chini. Tumia dawa iliyoidhinishwa kwa maji pekee, na mpigaji awe na leseni. Vyura hufa kwa viambato vya dawa za kawaida za shambani. Rudia miaka 2 au 3 kabla ya kupanda. Wanaopanda baada ya mwaka mmoja hupoteza miche yao chini ya nyasi zenye kimo cha mtu. Njia nyingine ni kukwangua tabaka la juu, sentimita 15 hadi 30, ambayo pia husogeza uso wa ardhi karibu na maji. Kinachoishinda nyasi hii kwa kudumu ni kivuli. Mierebi ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 hufunga kivuli upesi, lakini hiyo ni karibu fito 27,800 kwa hekta. Basi usitawanye. Panda visiwa vilivyosongamana, uvipanue kila mwaka.

Halafu wanyama unaowatengenezea makazi watakuja kuyala. Kulungu na elki, aina ya kulungu wakubwa, huzuiwa na uzio wa mita 2.4 kuzunguka kisiwa cha miche, ambao utauondoa matawi yakipita kimo cha midomo yao. Biva, mnyama wa majini anayeangusha miti kwa meno, mwache akate, mierebi itachipua, lakini mipopla michache unayotaka iwe mikubwa ivike kizimba cha waya mgumu chenye kimo cha mita 1 juu ya usawa wa theluji. Miti mikubwa unaweza kuipaka rangi ya nje iliyochanganywa na mchanga, gramu 150 kwa lita. Panya wadogo hutafuna gome chini ya theluji, hasa nyasi zikiachwa kuzunguka shina. Palilia duara la mita 1. Uzio wa kuzuia ng'ombe mipakani ni jambo jingine: waya wa chini uwe laini, usio na miiba, sentimita 40 juu ya ardhi ili ndama wa kulungu apite, na wa juu usizidi mita 1 na kidogo. Katika nyika, waya huo utundikwe vibao vya kuonekana, kwa sababu kwale wakubwa wa nyika, sage-grouse, huugonga wakiruka alfajiri.

Mahali bwawa limeondolewa kabisa, mambo hubadilika. Kwenye mto Elwha, jimbo la Washington, ambako kabila la Lower Elwha Klallam lilipigania jambo hilo kwa miaka mingi, mabwawa mawili ya mwaka 1913 na 1927 yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, yakaacha takriban ekari 800 za mashapo. Tope laini kandokando ya bonde lilijiotesha lenyewe kwa mbegu za msitu wa jirani. Matuta ya mchanga na changarawe ndiyo yaliyokuwa magumu: makavu, hayana naitrojeni, upepo unachapa. Hapo lupini ya mto (Lupinus rivularis), mmea wa jamii ya kunde unaoongeza naitrojeni udongoni, ilifanya kazi kubwa, na magogo yaliyowekwa juu ya matuta yalitoa kivuli, yakapunguza upepo na kuwapa ndege mahali pa kutua na kuacha mbegu. Fundisho la vitendo: gawa eneo kwa aina ya mashapo, na usitumie miche ghali kwenye tope. Ondoa magugu ya kigeni pembeni mwa ziwa miaka kadhaa kabla ya kubomoa. Na mbegu zianze kukusanywa mapema sana. Kwa mto Klamath, katika majimbo ya Oregon na California, ambako mabwawa manne yaliondolewa 2023 na 2024, vikundi vya kabila la Yurok vilikusanya mbegu miaka kadhaa kabla, zikazidishwa mashambani, na upanzi ukaanza mara maji yaliposhuka, tope likiwa bado bichi. Likikauka hufanya gamba gumu.

Hesabu ya miche iliyo hai ifanywe mwisho wa majira ya joto ya mwaka wa pili, si wa kwanza. Fito huweza kutoa majani kwa akiba yake bila mzizi hata mmoja, na ripoti ya mwaka wa kwanza hupendeza bure. Katika bajeti, tenga pesa za miaka 10 za palizi, uzio na vizibo kabla ya kununua ekari nyingine. Na uwaulize wazee wa kabila ni mimea gani ya chakula iliyokuwa pale, kama vile kitunguu-pori cha camas (Camassia quamash) na kiazi cha majini (Sagittaria latifolia) ambacho Coeur d'Alene huchimba kila Oktoba. Kiazi hicho kikipandwa kwenye tope lenye maji ya kina cha sentimita 15 hadi 30 huota vizuri, bata wakizuiwa kwa wavu msimu wa kwanza.