Sindano mbili za steroidi na kisigino bado kinauma: nichome ya tatu?
Hapana ndugu, ya tatu iache. Steroidi hutuliza wiki kadhaa tu. Ikirudiwarudiwa, utando wa unyayo (ule mkanda mgumu kutoka kisigino hadi vidoleni) hudhoofika na unaweza kukatika, na mafuta yanayokinga kisigino hupungua. Hayo hayarudi kirahisi.

Ulizia tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopiga mawimbi ya shinikizo kwenye kisigino: vipindi 3 hadi 5, kimoja kwa wiki, bila ganzi, maana maumivu yako ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu pa kulenga. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki kwa kawaida huachwa kipindi hicho, kwani huzima uvimbe ambao tiba yenyewe inautegemea.

Zoezi usiache (wengi hukwama hapa): simama kwenye ngazi, taulo iliyoviringishwa chini ya vidole, inua kisigino sekunde 3, tulia 2, shusha 3. Siku moja fanya, inayofuata pumzika.