Kaka, kuhusu pesa za mpira wa mwanangu

Kaka, shikamoo. Natumaini wifi na watoto hawajambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili ndani ya gari, nikitoka zamu ya usiku kule kwa wazee. Umesema mmeiona picha ya mpwa wako akiwa amevaa helmeti na jezi ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana, na kwamba huko mtaani mmesikia wachezaji wa vyuo vya Marekani siku hizi wanalipwa mamilioni ya dola. Ukauliza mbona bati za nyumba ya mama bado hazijafika. Halafu ukaomba nimvute na Idi aje kucheza, maana kijana ana mwili. Sijakasirika. Ila kimya changu naona kimezaa uvumi, kwa hiyo bora niwaeleze wote mara moja.

Mliyoyasikia ni ya kweli, lakini hayatuhusu sisi. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kuingiza pesa kwa majina yao, matangazo na mengineyo, na tangu 2025 vyuo vikubwa vinaweza kuwalipa wenyewe moja kwa moja. Hao ni wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, baadhi yao wana viwanja vinavyoingiza watu zaidi ya 100,000. Mwanangu yuko Daraja la Tatu. Huku kuna timu zaidi ya 200, na kanuni zao zinakataza kumpa mwanafunzi hata senti moja ya ufadhili kwa sababu ya mchezo. Punguzo analopata limetokana na alama zake za sekondari na kipato chetu sisi wazazi. Nyota wa timu na yule wa benchi, wote ni walipa ada.

Na ada yenyewe, kaka, bei iliyoandikwa ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka pamoja na chumba na chakula. Baada ya punguzo na mikopo, mimi na baba yake tunatoa mfukoni dola 14,000. Ndiyo maana mkipiga simu Jumapili mnanikuta nimelala.

Kuna jambo sikuwahi kulisema hata kwa mama. Kocha alipokuwa akimpigia mwanangu simu kila wiki ule mwaka wa mwisho wa sekondari, nilidhani tumeokota dhahabu. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwezi wa nane, nikakuta vijana zaidi ya 100 wamejipanga kwenye nyasi, na wanaoingia uwanjani ni 11 tu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Vyuo vidogo vya binafsi vinatafuta wanafunzi kwa shida, hasa wa kiume, na timu ya mpira inawaleta. Kocha hakunidanganya, lakini hakuna aliyenikalisha chini akanieleza, na mimi sikujua la kuuliza. Mgeni haulizi asichokijua.

Msimu una mechi 10, kila Jumamosi mchana, kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba. Mwaka huu walishinda 2, wakafungwa 8. Mwanangu alikuwa akiingia dakika chache tu, kwenye ile mipira ya kuanzishia, ambapo vijana wanakimbia kwa kasi yote kwenda kumwangusha aliyeudaka. Nilikuwa nainuka kwenye kiti kabla hawajafika. Sikuzoea na sitazoea.

Kilichonivunja hakikutokea kwenye mechi. Kilitokea mazoezini, Jumatano moja ya Oktoba. Waligongana vichwa na mwenzake, akaanguka, akainuka akaenda kujipanga upande wa timu nyingine. Niliarifiwa kwa simu nikiwa namwogesha bibi mmoja kazini. Mtikisiko wa ubongo. Jumamosi nilipofika nikamkuta amesimama pembeni ya uwanja amevaa jezi, kichwa wazi. Yule mhudumu wa majeruhi alikuwa ameifungia helmeti yake kabatini, maana wanajua vijana hawa wataingia hata wakiwa wagonjwa. Mwanangu alinikumbatia, akauliza nimefika lini. Nilikuwa nimemjibu swali hilo hilo dakika tano kabla.

Hapa jimboni Minnesota kuna chuo kinaitwa Saint John's, kiko katikati ya misitu. Kocha wao wa zamani, John Gagliardi, alishinda mechi 489 hadi alipostaafu 2012, na hakuna kocha wa mpira wa vyuo aliyewahi kushinda nyingi kuliko hizo. Na mazoezini hakuruhusu wachezaji wake waangushane. Alishinda hivyo hivyo. Nilipolijua hilo nilikaa jikoni nikalia, kaka, kwa sababu maana yake ni kwamba Jumatano ile haikuwa lazima.

Mwanangu alikaa nje wiki tatu. Mwanga wa simu ulikuwa unamuumiza, hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja. Wenzake wa timu wakagawana vipindi vyake. Mmoja, mtoto wa mkulima wa mahindi, alikuwa anakuja chumbani kila jioni anazima taa na kumsomea kitabu cha uhasibu kwa sauti, pole pole, gizani, akitumia kitochi kidogo alichokifunika kwa soksi. Nilimkuta akifanya hivyo. Nilikuwa nimebeba sufuria ya uji, nikasimama mlangoni hadi alipomaliza sura nzima.

Mechi ya mwisho theluji ilianguka. Walifungwa tena. Wale wa mwaka wa nne hawakutaka kutoka uwanjani, wakapiga magoti kwenye mstari wa katikati wakishikana mabega, baba zao wakiwasubiri na makoti mikononi. Hakuna hata mmoja wao atakayecheza mpira wa kulipwa. Mwanangu alikuja hadi uzioni akasema, "Mama, mwakani narudi." Nikamwambia tutazungumza nyumbani. Bado tunazungumza.

Kuhusu Idi, usimtume kwa ajili ya mwili wake. Kwanza amalize kidato cha sita, nitumie matokeo yake. Vipo vyuo kama Amherst, kule Massachusetts, ambavyo humchagua hata mwanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wa familia, kisha humpa msaada kulingana na hali ya nyumbani kwao. Kuingia ni kugumu mno, lakini mlango upo, na ni wa alama. Nitakaa naye kwenye simu tujaze fomu, hata kama ni usiku kwangu.

Bati nitatuma mwezi wa pili, nikishalipa muhula. Mwambie mama ni za geji 28, kama alivyotaka.