Je, ni ghiba kuandika mchezo wa kuigiza kuhusu ustadhi anayepiga watoto?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari hapa Nairobi, naishi Eastleigh. Nimeandika mchezo wa kuigiza ambao wanafunzi wangu wanataka kuupeleka kwenye tamasha la maigizo la shule. Unamhusu msichana wa miaka 11 ambaye ustadhi wake wa madrasa humpiga mpaka anaanza kuichukia Qur'ani, na usiku anamuuliza Mola wake mbona hamsikii. Kisa chenyewe nimekibuni, ila kupigwa huko nilikuona kwa macho yangu katika madrasa ya mtaani. Mjomba wangu amekataa katakata. Anasema huku ni kuwaanika Waislamu mbele ya watu, ni ghiba, yaani kusengenya, hadithi ya kubuni ni uongo, na maneno ya yule msichana ni kufuru itakayonirudia mimi. Nimesimamisha mazoezi, lakini moyo haujatulia. Niendelee?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwambie mjomba wako salamu zetu. Anachokilinda ni heshima ya umma, na hilo ni jambo jema. Lakini katika aliyokutajia, moja ndilo zito hasa, nalo ni la ghiba.

La uongo tulimalize upesi. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Anayekaa ukumbini kutazama mchezo anajua anatazama mchezo. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga visa vya mtu asiyekuwepo, na katika utangulizi wake akajitetea kwamba hajasikika mtu aliyezikataa hadithi za wanyama na vitu visivyo na uhai. Visa vyake vikasomwa na kufafanuliwa na wanazuoni karne baada ya karne.

Pengine mjomba anaifikiria pia ile aya ya Suratu Shu'araa inayosema washairi hufuatwa na wapotovu. Tuisome mpaka mwisho wake, aya ya 227: isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Allah kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alimwekea Hassan bin Thabit mimbari ndani ya msikiti ili asome mashairi yake. Baadaye Umar, radhiyallahu anhu, alipomkazia macho kwa kusoma mashairi msikitini, Hassan alimjibu kwamba alikuwa akisoma humo yupo aliye bora kuliko Umar, yaani Mtume mwenyewe. Na sisi watu wa lugha hii tusijifanye wageni wa jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, akausuta moyo wake na fahari ya matajiri wa kwao. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu ni imamu wa msikiti, naye ametunga mashairi juu ya UKIMWI, jambo ambalo wengi waliona haya kulitaja.

Sasa ghiba. Mtume alipoona kosa kwa baadhi ya watu, mara nyingi hakuwataja. Alipanda mimbari akasema: "Wana nini watu wanaofanya kadha na kadha?" Kosa likasemwa hadharani, mwenye kosa akabaki na sitara yake. Hiyo ndiyo njia ninayotaka uifuate, na ina sharti ambalo watunzi wengi hawalijali. Wanazuoni wakubwa wa zamani, Imamu Ghazali na Imamu Nawawi, wanaeleza kuwa kutotaja jina hakutoshi. Ukisema "mtu fulani aliyepita kwetu leo" na wasikilizaji wakajua ni nani, umemsengenya.

Kwa hiyo chukua daftari lako uusome upya mchezo huo kama jirani wa ile madrasa. Je, ustadhi wako wa jukwaani anachechemea kama yule wa kweli? Ana ndevu zilezile, neno lilelile la kuanzia darasa, duka lilelile la nguo chini ya ngazi za madrasa? Yote hayo yabadilishe. Mpeleke mtaa mwingine, mpe umri mwingine. Mtoto vilevile, na yeye zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa, na hana haja ya darasa zima kujua alilia vipi. Mzazi yeyote wa Nairobi akitoka ukumbini akijiuliza "je, madrasa ya mwanangu ikoje?", umefanya sawa. Akitoka akisema "huyu ni ustadhi fulani wa pale Section Two", umekula nyama ya ndugu yako, kama Qur'ani inavyoifananisha ghiba, hata kama kila ulichoonyesha ni kweli.

Kuhusu kuwaanika Waislamu, nakubaliana na mjomba wako kidogo tu. Wapo wanaotutazama kwa jicho baya, na watafurahi. Lakini anayeifedhehesha dini ni yule anayemtia mtoto alama za fimbo akiwa na juzuu mapajani. Wanazuoni wetu hawakulinyamazia hili. Ibn Sahnun wa Qayrawan, katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima cha adabu za waalimu wa Qur'ani, akawawekea mpaka wa mapigo 3, yasizidi ila kwa idhini ya mzazi. Mwanahistoria Ibn Khaldun akaeleza kwamba mtoto anayefundishwa kwa ukali hubanwa nafsi, uchangamfu wake huondoka, akajifunza uvivu, uongo na hila kwa kuuogopa mkono ulio juu yake. Na hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko kabisa, kwa hiyo hata hayo mapigo 3 hayana nafasi. Mwandike na ustadhi mpole katika mchezo huo, maana wapo, nami nimesoma kwao. Usimweke kwa ajili ya kuwapendeza wakubwa. Mweke kwa sababu mtazamaji asiyetujua asipomwona atadhani ukali ndio dini yenyewe.

Maneno ya msichana hayanitii hofu. Qur'ani imenukuu kauli ya Firauni, "Mimi ndiye mola wenu mkuu", nasi tunaisoma katika swala. Mwenye kusimulia kufuru si kafiri. Na msichana wako hata hajafika huko. Katika Suratul Baqara, aya ya 214, mtume wa waliotangulia na walioamini pamoja naye walitikiswa na shida mpaka wakasema: "Nusura ya Allah itakuja lini?" Mtoto anayeuliza mbona hasikilizwi bado anamwomba Mola wake. Usimkatize haraka kwa kumletea mzee wa kumpa mawaidha ya dakika mbili akanyamaza, kwa sababu wasichana waliokaa ukumbini na swali hilohilo watajua umewadanganya. Mpaka usiouvuka ni kejeli: Allah, aya zake na Mtume wake havifanyiwi mzaha, wala kwa ulimi wa mhusika mbaya kwa lengo la kuchekesha. Msahafu wa kweli usiwe kifaa cha jukwaani, wala asitupe mtu chochote kinachofanana nao. Kuhusu mavazi na mchanganyiko wa waigizaji, nyinyi waalimu mnajua mipaka, na mkiweza kuwapa wasichana peke yao nafasi zote, ni salama zaidi.

Basi endelea, kwa masharti hayo.

Lakini kuna jambo hukuliuliza, na ndilo lililonikosesha raha niliposoma barua yako. Umesema uliona kwa macho yako. Je, yule mtoto bado anakwenda pale? Mchezo hauondoi wajibu wako wa kumlinda. Kulalamikia dhuluma kwa mwenye uwezo wa kuizuia ni katika mambo ambayo Imamu Nawawi ameyatoa kwenye ghiba, kwa hiyo hapo jina litajwe, wazi, kwa wanaohusika peke yao. Anza na wazazi wake na kamati ya msikiti. Wasipochukua hatua, nenda kwa afisa wa watoto, au piga simu 116, nambari ya kusaidia watoto, ambayo haina malipo. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujarudi kwenye mazoezi. Wallahu a'lam.